Jiwe Jeusi na Jiwe Jeupe

Wazee wetu walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilikwenda tezi mwaka 1976, kijana wa miaka ishirini na moja kutoka Unguja, nilipopelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea uhandisi wa majengo. Nilikaa huko miaka sita: mmoja Leipzig wa kujifunza lugha, na mitano Dresden ya kujifunza kazi. Tangu hapo nimerudi mara tatu, mwaka 1996, mwaka 2006, na Novemba 2023. Kila safari wenyeji wangu wamekuwa walewale wawili: bibi aliyenifundisha Kijerumani, na kijana niliyelala naye chumba kimoja bwenini, ambaye sasa ni babu kama mimi. Majina yao nayaacha, kwa kuwa hawakuniomba niwaandike.

Msomaji asitarajie masimulizi ya chakula na theluji. Ninachotaka kukieleza ni ubishi. Kazi yangu hadi nilipostaafu ilikuwa kuta za zamani: kuzipima, kuziegemeza, kubishana na wenye nyumba waliotaka kuzibomoa. Kwa hiyo nikitembea katika mji wa kale siwezi kutembea kama mtalii. Najiuliza jambo moja: mji huu uliovunjika ukajengwa tena, unanisimulia lililoupata, au unanificha? Kwa swali hilo mimi na mwenzangu wa bwenini tumebishana miaka karibu thelathini, na sasa naona afadhali niuandike ubishi wenyewe kabla mmoja wetu hajaondoka nao.

Nianze na gofu. Nilipofika Dresden, katikati ya uwanja unaoitwa Neumarkt palikuwa na chungu kubwa la mawe meusi, na juu yake vipande viwili vya ukuta vimesimama kama meno ya mwisho katika kinywa cha mzee. Hayo ndiyo yaliyokuwa mabaki ya Frauenkirche, kanisa la Kilutheri lililojengwa kati ya 1726 na 1743. Aliyelibuni ni George Bähr, seremala mkuu wa mji, aliyefariki 1738 kabla ya kuiona kazi yake imekwisha. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza zilianza kuushambulia mji, na za Marekani zikafuata. Kuba la mawe lilistahimili moto hata asubuhi ya tarehe 15, ndipo lilipoanguka. Serikali ya wakati wetu ililiacha kama lilivyo, liwe kumbusho.

Sisi wanafunzi tulilipita gofu lile kila siku tukienda kununua mkate. Vichaka vilikuwa vimeota katikati ya mawe. Watoto waliwauliza wazazi wao mbona hapa pamevunjika, na wazazi wakajibu wanavyojua, au wanavyoruhusiwa.

Mwanzoni mwa Februari 1982, miezi michache kabla sijamaliza masomo, mwenzangu alinong'ona tukiwa tumekwisha zima taa: "Usiku wa tarehe 13 vijana tunakwenda kwenye gofu na mishumaa. Hakuna hotuba. Tutasimama tu kwa ajili ya amani. Njoo." Mkutano usio na kibali katika nchi ile haukuwa jambo la mchezo. Nikafikiri ufadhili wangu, nikamfikiri mama yangu aliyekwisha watangazia majirani kwamba mwanawe anarudi mhandisi, nikamjibu kwamba asubuhi yake nina mtihani. Yeye akaenda. Mamia ya vijana walikwenda. Baadaye aliitwa akahojiwa mara mbili, na nafasi yake ya kuendelea na masomo ya juu ikaota mbawa. Mimi nilipewa shahada yangu, nikapanda ndege.

Nimelitanguliza jambo hilo ili msomaji ajue kwamba katika ubishi huu mimi si hakimu asiye na lake.

Niliporudi mara ya kwanza, mwaka 1996, gofu lilikuwa limezungukwa na jukwaa la chuma. Dola ya zamani ilikuwa imekwisha kufa, na watu wa mji walikuwa wameamua kulijenga kanisa upya. Waashi walikuwa wamelichambua kifusi jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapimwa, likapigwa picha, likapewa namba, na hesabu za kompyuta zikasaidia kukisia lilikuwa wapi ukutani. Nakiri kwamba kama fundi nilisisimka. Sijapata kuona kifusi kikiheshimiwa namna ile. Kwetu kifusi ni kitu cha kujazia shimo.

Mwaka 2006 nililikuta limekamilika. Lilikuwa limefunguliwa Oktoba 2005, kwa gharama ya takriban euro milioni 180, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa sadaka za watu binafsi wa ndani na nje ya Ujerumani. Msalaba wa juu ya kuba ulifuliwa London na fundi ambaye baba yake alikuwa rubani katika shambulio la 1945. Lakini lililonigusa zaidi lilikuwa ukuta wenyewe. Mawe ya zamani yaliyopona yamerudishwa yakiwa meusi, yametawanyika katikati ya mawe mapya yenye rangi ya mchanga mkavu, na upande mmoja kipande kizima cha ukuta wa gofu kimesimama cheusi tii, kimeshikamana na kipya. Hata mtu asiyejua kusoma atausoma ukuta ule. Unasema: hapa palianguka, na hapa watu waliinua.

Nikamwambia mwenzangu kwamba hii ndiyo namna ya kukarabati: usifiche kovu. Yeye alikuwa amesimama mikono mfukoni. "Wewe unaona kuba," akaniambia. "Mimi naona shimo lililozibwa. Wanangu walikuwa wakiniuliza mbona hapa pamevunjika. Wajukuu zangu hawaulizi kitu. Wanataka aiskrimu."

Sikukubali, lakini nilijua ana sehemu ya haki. Ukiingia ndani ya kanisa utakuta rangi za waridi na manjano hafifu, safi kama za jana, na kama si ule msalaba wa zamani, uliopindapinda kwa moto na kuanguka, ambao waashi waliufukua kifusini mwaka 1993 ukawekwa pale ndani, ungedhani hapakuwahi kutokea neno. Na ukitoka nje kuutazama uwanja, hali ni mbaya zaidi. Pembeni zote zimesimamishwa nyumba zenye sura ya karne ya 18: madirisha yenye nakshi, malango ya mviringo, mapaa mekundu. Nyingi kati yake zina mifupa ya zege, chini zina maegesho ya magari, juu zina hoteli. Zege si dhambi, na hoteli si dhambi. Kosa lake ni kwamba limevaa joho la babu bila kumjua babu. Katika nyumba hizo jiwe jeusi halipo. Zinamwambia mgeni kwamba vita havikupita hapa, na mgeni, kwa kuwa amechoka na anataka kahawa, huzisadiki.

Kumbe jibu bora lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nami nalisifu kwa moyo wangu wote. Karibu na mto Elbe palikuwa na sinagogi la Wayahudi lililobuniwa na Gottfried Semper na kufunguliwa mwaka 1840. Lilichomwa moto usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, na wachomaji hawakuwa marubani wa kigeni bali wananchi wa nchi ileile. Mwaka 2001 lilifunguliwa sinagogi jipya mahali pale. Wajenzi wake hawakuiga la Semper hata kidogo. Walisimamisha mchemraba wa mawe usio na madirisha barabarani, na kila safu ya mawe imesogezwa kidogo kuliko safu iliyo chini yake, hata jengo zima likawa kama linajipinda kutafuta mashariki. Juu ya mlango imewekwa nyota ya dhahabu ya sinagogi la zamani, ambayo mzimamoto mmoja aliiokoa na kuificha hadi vita vilipokwisha. Hicho tu ndicho kilichorudishwa. Kati ya jengo jipya na ukumbi wa jumuiya pana uwanja mtupu, na ardhini umechorwa mpaka wa kuta zilizochomwa. Watu wa Frauenkirche walirudishiwa kanisa lao. Wayahudi wa Dresden wengi wao hawakurudi kamwe, na jengo lile halijifanyi kana kwamba walirudi.

Kutoka Dresden hadi Leipzig ni mwendo wa saa moja na ushei kwa garimoshi, na huko ndiko anakokaa mwalimu wangu. Anaishi Grünau, mtaa wa majengo marefu ya zege ulioanza kujengwa mwaka uleule niliofika. Kila nikipanda ngazi zake nacheka peke yangu, kwani najihisi nimerudi Michenzani. Msomaji wa Unguja atanielewa: baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani ya Mashariki ndiyo iliyotusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani, na mimi nililelewa nikiyatazama yakipanda. Wakosoaji wa majengo huyadharau majumba ya aina hii. Mimi siyasifu kwa uzuri, lakini nakumbuka sura ya mama yangu mdogo siku alipofungua bomba ndani ya nyumba yake mwenyewe na maji yakatoka. Uzuri una milango mingi.

Katikati ya Leipzig palikuwa na kanisa la chuo kikuu, la zama za kati, lililopita salama katika mabomu yote ya vita. Tarehe 30 Mei 1968 serikali ililitegea baruti ikaliangusha, kwa kuwa halikufaa katika uwanja wa ujamaa. Nilipofika 1976 mahali pake palikuwa na jengo refu la chuo, na juu ya lango lake sanamu ya shaba ya Karl Marx yenye uzito wa takriban tani 33. Mwalimu wetu alitupeleka pale kutufundisha majina ya sehemu za jengo: mlango, ngazi, nguzo, paa. Mwishoni alisema neno moja kwa sauti ya chini, nalo ni "hapo zamani", akanyamaza. Tulidhani anatufundisha sarufi.

Leo jengo lile limeondoka, na sanamu ya Marx imehamishiwa kiunga kingine cha chuo. Mahali pake pamejengwa Paulinum, kazi ya Erick van Egeraat wa Uholanzi, ambalo ukumbi wake ulifunguliwa Desemba 2017 baada ya mabishano ya miaka mingi: wengine walitaka kanisa lao lirudi kama lilivyokuwa, wengine walitaka ukumbi wa chuo usio na dini. Likazaliwa jengo ambalo ni vyote viwili. Paji lake linakumbusha kanisa, lakini dirisha kubwa la mviringo limesogea pembeni, kama picha iliyotikiswa. Ndani kuna nguzo za kioo zinazoshuka kutoka darini, na baadhi yake zinakatika angani bila kufika sakafuni. Nilipoziona mara ya kwanza moyo wangu wa mhandisi ulishtuka: nguzo isiyofika chini hubeba nini? Mwalimu akanijibu, "Inabeba kile kilichoondolewa." Sina sifa nyingine ya kuongeza juu ya hiyo. Ukuta wa kioo unaotenga madhabahu na ukumbi siupendi, maana umewekwa kama suluhu ya mahakama. Lakini nguzo zile ni fasaha.

Mwalimu mwenyewe hana jengo la kumsemea. Baada ya nchi mbili kuungana mwaka 1990, mahali alipofanya kazi palipunguza watu, akaambiwa ujuzi wake wa miaka ishirini hauhitajiki tena. Alikaa miaka akifanya vibarua vya hapa na pale, yeye aliyewafundisha Kijerumani vijana kutoka Unguja hadi Vietnam. Mji wake umekarabatiwa ukang'aa; kituo chake cha garimoshi kimejaa maduka; na kila mwaka mji unakumbuka tarehe 9 Oktoba 1989, siku watu 70,000 walipoandamana kwa amani, naye akiwemo. Mji umemkumbuka kama mwandamanaji na umemsahau kama mwalimu. Nilimuuliza kama ana uchungu. Akasema, "Sitaki ile nchi irudi. Nataka tu mtu asiniambie kwamba miaka ile sikuishi."

Maneno hayo nilikwenda nayo Berlin. Huko palikuwa na kasri la wafalme lililoharibiwa na mabomu, na mwaka 1950 serikali ikalibomoa kabisa. Mahali pake likajengwa Jumba la Jamhuri, lililofunguliwa 1976. Sisi wanafunzi wapya tulipelekwa kuzishangaa taa zake. Baada ya kuungana, jumba hilo nalo likabomolewa kati ya 2006 na 2008, na kasri likajengwa upya: pande tatu za nje zina sura ya kifalme, upande wa mtoni ni wa kisasa mtupu. Linaitwa Humboldt Forum, nalo lilifunguliwa kwa umma 2021. Ukisimama mbele ya lango lake hutaona kovu hata moja. Huo ni ukuta wa jiwe jeupe tupu. Ajabu ni kwamba ndani yake wamehamishia Makumbusho ya Ethnolojia, ambayo makusanyo yake yana vitu vilivyochukuliwa kwetu enzi za utawala wa Wajerumani, pamoja na vya wakati wa vita vya Maji Maji. Nilikuwa pale siku chache baada ya Rais Frank-Walter Steinmeier kusimama Songea, tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Nikafikiri: rais wa nchi hii amekwenda mwendo wote ule kuonyesha jiwe jeusi, na hapa nyumbani kwake wametumia zaidi ya euro milioni 600 kujenga ukuta usio nalo.

Kutoka Berlin nilirudi Dresden kwa siku mbili za mwisho. Jioni tulitembea na mwenzangu hadi Neumarkt, polepole, kwa kuwa goti lake halimpi tena. Nikadhani sasa nitamshinda. Nikamweleza kwamba gofu alilolipenda nalo lilikuwa likisema uongo. Wakati wetu gofu lilitusimulia ndege za mabeberu, lakini nani alituambia habari za sinagogi la 1938? Na baada ya 1990 wafuasi wa fikra za Hitler waliandamana katika mji huu kila Februari wakikuza idadi ya waliokufa hadi mamia ya maelfu, mpaka tume ya wanahistoria ikasema mwaka 2010 kwamba walikuwa si zaidi ya 25,000. Idadi hiyo ni msiba wa kutosha, haihitaji chumvi. Gofu, nikamwambia, husema lile ambalo aliye na kipaza sauti analitaka.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaugusa ukuta wa kanisa. "Wewe ni mhandisi," akasema. "Jiwe hili la mchanga wa Elbe lina chuma ndani yake. Weusi huu si moshi wa moto peke yake, ni umri. Jiwe jeupe nalo linakuwa jeusi. Baada ya miaka mingi ukuta wote utakuwa wa rangi moja. Hapo kovu lako litakuwa wapi?"

Nilikuwa nikilijua jambo hilo tangu darasani. Sikuwahi kulitia katika hoja yangu. Tukasimama pale kimya, na kwa kuwa sikuwa na jibu la ufundi nikajikuta natoa jingine, lililonikaa kooni miaka arubaini na moja. Nikamwambia, "Ule usiku wa mishumaa sikuwa na mtihani."

Hakugeuka. "Najua," akasema. "Ratiba ya mitihani ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya kitanda changu."

Miaka yote ile alijua, na miaka yote ile alikuwa akinipokea kituoni. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema alikuwa akinisubiri nimwambie mimi.

Basi hukumu yangu juu ya miji ile, kwa anayeitaka, ni hii. Frauenkirche ni kazi bora kwa umri wetu, ingawa haitakuwa bora milele. Nyumba za Neumarkt ni mapambo. Sinagogi na ukumbi wa Leipzig vitadumu zaidi, kwa sababu kovu lao liko katika umbo, na umbo halibadilishwi na mvua kama rangi. Kasri la Berlin ni kosa la gharama kubwa. Lakini juu ya hukumu hizo zote nimejifunza kwamba hakuna ukuta unaosema peke yake. Jengo zuri humfanya mtoto aulize. Wa kumjibu ni mtu, na inambidi ajibu kweli, hata kama kweli hiyo inamweka yeye mwenyewe upande wa waliokaa ndani usiku ule.

Hapa kwetu Unguja, Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo. Vijana wa ofisi yangu ya zamani huja barazani kuniuliza ningependa ijengweje. Huwaambia watumie mawe yaleyale kila inapowezekana, na mapya wasiyapake yafanane na ya zamani. Kisha huwaambia kwamba hilo ndilo jepesi. Zito ni kuwa tayari siku mjukuu atakapousimamia ukuta ule na kuuliza mbona hapa palianguka.